Darasa la kwanza lenye watoto 87: nitamfikiaje kila mmoja pale alipo?

Mwalimu wa Tandahimba

Walimu wenzangu, habari za kazi na za familia. Ninafundisha darasa la kwanza katika shule ya kijijini wilayani Tandahimba, na huu ni mwaka wangu wa pili tangu nipangiwe kituo huku nikitokea Kagera. Darasa langu lina watoto 87. Uwiano unaotakiwa ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, lakini sikuja kulalamikia idadi, kwa kuwa najua wengi wenu mmebeba mzigo kama huo au unaouzidi. Kinachonisumbua ni kwamba watoto hao hawako mahali pamoja, nami kila asubuhi nasimama mbele yao na somo moja.

Wapo wachache, kama kumi hivi, waliopitia darasa la awali vizuri na ambao tayari wanaunganisha silabi na kusoma sentensi fupi. Wapo wengi wanaozijua irabu tano na konsonanti chache. Na wapo walioingia darasa la kwanza moja kwa moja kwa sababu kitongoji chao kiko mbali na shule, ambao mwezi Januari walikuwa hawajawahi kushika penseli. Katika kundi hili la mwisho wengi wanazungumza Kimakonde tu nyumbani, na Kiswahili wanakisikia kwa wingi kwa mara ya kwanza kinywani mwangu. Mimi nami Kimakonde sikijui zaidi ya salamu. Ninaye pia mtoto mmoja mwenye ualbino, anayekaa mstari wa tatu na kunakili kutoka kwenye daftari la jirani yake badala ya ubaoni. Juu ya hayo wapo wanaofika kipindi cha kwanza kimekwisha kwa sababu wametumwa maji, na ninyi mnaoijua hali ya maji katika uwanda huu wa Makonde mtanielewa.

Hadi sasa nimekuwa nikifundisha kwa kuwalenga wa katikati. Wiki tatu zilizopita nilikuwa kwenye silabi za b. Niliandika ba, be, bi, bo, bu, nikasoma, darasa likaitikia, tukarudia kwa makofi hadi sauti ikasikika ofisini. Niliridhika sana. Kisha nikamwita binti mmoja aliyekuwa akiitikia kwa sauti kubwa kuliko wote, nikaweka rula chini ya bo peke yake, nikamuuliza inasomekaje. Akaanza upya, "ba, be, bi, bo, bu", huku akipitisha kidole hewani, na alipomaliza akanitazama akisubiri nimsifu. Nikaihamisha rula kwenye bi, akauimba tena wimbo uleule tangu mwanzo. Niliita wengine sita, na wanne kati yao wakafanya hivyohivyo. Siku ile nilirudi nyumbani na huzuni kubwa, kwa sababu nilitambua kwamba kwa miezi kadhaa nimekuwa nikisikiliza kwaya, nikidhani watoto wanasoma.

Ninaomba msaada katika mambo haya. Kipindi ni dakika 30 na niko peke yangu: je, inawezekana kweli kufundisha viwango vitatu ndani ya kipindi kimoja bila darasa kuvurugika? Nifanye nini kuhusu lugha? Na nimsaidieje huyu mtoto mwenye ualbino bila kumfanya ajione ametengwa? Atakayejibu kwa yale aliyoyafanya mwenyewe darasani nitamshukuru zaidi.

Mwalimu mstaafu, Masasi

Mwanangu, usihuzunike. Ile rula uliyoiweka chini ya bo ni kipimo bora kuliko mitihani mingi niliyoisahihisha katika miaka 31 ya kufundisha madarasa ya chini. Wapo walimu wanaostaafu bila kuiweka.

Kuitikia kwa pamoja kuna faida yake, hasa kwa watoto wageni wa lugha, kwa kuwa kunawazoesha ulimi na kuwaondolea woga. Ubaya wake ni kwamba kunamficha asiyejua ndani ya sauti za wanaojua. Ndiyo maana ninakushauri, kabla hujapanga kundi lolote, umsikilize kila mtoto peke yake. Tengeneza kadi nne kwa vipande vya boksi. Ya kwanza iwe na herufi, irabu na konsonanti zikiwa zimechanganywa. Ya pili silabi zisizofuata mpangilio wa wimbo, kwa mfano bo, ke, tu, mi. Ya tatu maneno mafupi kama kuku, meza, dada, kisu. Ya nne aya ya sentensi tatu au nne, na baada ya aya hiyo swali moja la kuona kama ameelewa alichosoma. Ngazi hizi sikuzibuni mimi. Zinafanana na zile zilizotumiwa na tathmini ya Uwezo, iliyoanza hapa Tanzania mwaka 2010 kwa kuwapima watoto majumbani. Mtoto mmoja anachukua dakika mbili au tatu. Ukiwaita tisa kwa siku, wakati wenzao wanaandika au wako mapumziko, ndani ya siku kumi za masomo watoto wote 87 utakuwa umewasikia. Andika jina na ngazi katika daftari lako mwenyewe, na daftari hilo lisikae mezani ambapo watoto au wazazi watalisoma.

Sasa kuhusu dakika 30. Mimi nilikuwa ninazigawa hivi: dakika kumi za mwanzo darasa zima liko nami, kwa sauti mpya ya siku, hadithi fupi au wimbo, na hapo kila mtoto anapata kitu, hata yule asiyejua herufi, kwa sababu anasikiliza. Dakika kumi na tano zinazofuata watoto wanakwenda kwenye makundi. Mimi ninakaa na kundi moja tu, nalifundisha kwa ukaribu, na mengine yana kazi ambayo hayahitaji kuniuliza. Dakika tano za mwisho tunarudi pamoja. Kesho ninakaa na kundi lingine. Ukitaka kukaa na makundi yote katika kipindi kimoja utazunguka tu kama anayefukuza kuku, na hakuna utakayemfundisha.

Jambo gumu hapa ni hiyo kazi ya kundi lisilo na mwalimu. Likikaa bila kazi inayoeleweka, ndani ya dakika tatu watoto watakuwa wanapigana. Kwa waliokuwa bado kwenye herufi nilitumia mchanga, ambao huku kwetu hauna bei: sinia la zamani au kifuniko cha ndoo, mchanga uliochekechwa, mtoto anaangalia kadi ya herufi, anaiandika kwa kidole, anaitamka, anafuta kwa kiganja, anampa mwenzake. Kosa halibaki, kwa hiyo hakuna anayeogopa kukosea. Kwa walioko kwenye silabi nilitoa kadi za silabi ndani ya mfuko wa kitambaa, wanachomoa mbili na kuangalia kama zinaunda neno. Anayechomoa ku na ta anapata kuta, anayechomoa ta na ku anagundua kwamba hilo si neno analolijua, na mabishano yao juu ya hilo ndiyo masomo yenyewe. Waliokwisha kusoma wape vitabu. Fungua kabati la mwalimu mkuu. Katika mkoa wetu wa Mtwara mradi wa Tusome Pamoja ulifanya kazi tangu 2016 hadi 2021, na nimeona shule ambazo vitabu vya hadithi vimefungiwa kwa hofu kwamba vitachanika. Kitabu kilichochanika kwa kusomwa kimefanya kazi yake.

Kuhusu lugha, jifunze maneno ya Kimakonde ya darasani: njoo, kaa, tazama, sikiliza, sema, mara ngapi. Waulize watoto wenyewe wakufundishe, na uone watakavyofurahi mwalimu anapokosea kutamka nao wakamsahihisha. Vilevile usiharakishe kumwita mtoto hajui kusoma kwa sababu amesoma lula palipoandikwa rula. Kuchanganya r na l ni jambo la kawaida kwa wengi waliolelewa katika lugha zetu za kusini. Ikiwa macho yake yameiona herufi sahihi na maana ameipata, amesoma. Matamshi yatakuja taratibu kwa kusikia, hayaji kwa kuchekwa.

Mwalimu wa elimu maalumu, Mtwara

Ninaunga mkono karibu yote aliyoyasema mwalimu wetu wa Masasi, ila ninaomba niongeze tahadhari kwenye suala la makundi, kwa sababu nimeona jambo jema likigeuka kuwa jeraha. Makundi yakipangwa Februari na kubaki yaleyale hadi Novemba, si makundi tena, ni mikondo ya waliokubaliwa na waliokataliwa. Watoto wa miaka sita na saba wanajua haraka sana kundi lao lina maana gani, hata ukilipa jina la ua. Yapange upya kila baada ya wiki tatu au nne, na usiyafanye ya masomo yote kwa pamoja. Mtoto aliye kwenye herufi katika Kusoma anaweza kuwa mbele ya wenzake katika Kuhesabu, na ni haki yake wenzake wamwone akiwa mbele.

Jambo la pili ni kwamba kabla ya kumpeleka mtoto kwenye kundi la chini, tujiulize kama anasikia na kama anaona. Miaka michache iliyopita, katika shule niliyokuwa nikifundisha, palikuwa na mvulana wa darasa la kwanza ambaye mwalimu wake alimwelezea kuwa mkaidi, kwa sababu alipoitwa hakugeuka, na alipoulizwa alijibu jambo lisilohusika. Nilikaa nyuma ya darasa siku nzima nikimtazama. Kila mwalimu alipozungumza, mtoto yule aligeuza shingo kidogo ili sikio la kulia litangulie, na alipokuwa ameelekezwa upande wa dirisha, ambako sikio hilo lilikuwa mbali na mwalimu, alianza kuchezea kamba ya mkoba. Wakati wa mapumziko nilisimama nyuma yake hatua tatu hivi, nikafunika mdomo, nikatamka kwa sauti ya chini maneno anayoyajua: maji, mpira, embe. Upande wa kulia aliyarudia yote. Upande wa kushoto hakurudia hata moja. Nilipomsogelea nilisikia harufu ya usaha. Mama yake aliniambia kwamba sikio la kushoto lilikuwa likitoa usaha tangu mtoto akiwa na miaka mitatu, na kwamba majirani walimwambia litakauka lenyewe akikua. Alipelekwa zahanati, kisha hospitali, akatibiwa kwa muda mrefu. Darasani tulifanya jambo moja tu lisilogharimu chochote, tulimhamisha akae mbele upande wa kushoto wa darasa, ili sikio zima lielekee kwa mwalimu. Hadi mwisho wa mwaka alikuwa anasoma aya.

Kipimo hicho cha kunong'ona hakiwezi kuchukua nafasi ya daktari, lakini kinatosha kukuonyesha nani apelekwe. Kwa macho, mwangalie mtoto anayekunja uso anapotazama ubao, anayeruka mistari anaponakili, au anayeweza kusoma kadi iliyo mkononi na kushindwa maneno yaleyale yakiwa ubaoni.

Hapo ndipo anapoingia mtoto wako mwenye ualbino. Watu wengi wanajua kuhusu ngozi yake na kusahau macho. Karibu watoto wote wenye ualbino wana uoni hafifu, wengi macho yao yanachezacheza bila wao kutaka, na mwanga mkali unawaumiza. Miwani inaweza kusaidia lakini kwa kawaida haiwarudishii uoni kamili. Kwa hiyo anaponakili kwa jirani haibi kazi, anatafuta maandishi yaliyo karibu. Mhamishe mstari wa mbele, mahali ambapo mwanga wa dirisha unatoka nyuma yake wala haumpigi usoni. Mruhusu asimame na kuusogelea ubao wakati wowote, na ruhusa hiyo itangaze kwa darasa zima, kwamba yeyote asiyeona vizuri asogee, ili isiwe ya mtoto mmoja. Mwandikie kadi zake kwa herufi kubwa, nyeusi, nene. Akikiweka kitabu karibu na pua mwache, hakimdhuru. Paredi ya asubuhi na vipindi vya michezo avifanyie kivulini, akiwa na kofia pana na mikono mirefu, na umuulize mzazi kama anapata mafuta ya kukinga jua. Yako yanayotengenezwa Moshi, pale hospitali ya KCMC, yajulikanayo kama Kilisun. Pia mwone afisa wa elimu maalumu wa halmashauri yako. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto huyu haki ya kusoma pamoja na wenzake, na kazi ya ofisi hiyo ni kukusaidia haki hiyo itimie. Usione aibu kuwaandikia barua.

Mzazi, Lindi mjini

Samahani walimu, mimi si mwalimu, ninauza samaki, lakini mmezungumzia makundi na nimeshindwa kupita bila kusema.

Mwanangu wa pili, alipokuwa darasa la pili, aliwekwa kwenye kundi ambalo mwalimu aliliita la wazito. Aliliita hivyo mbele yetu wazazi kwenye kikao, bila nia mbaya nadhani, kama mtu anayetaja jina la mtaa. Watoto wa kundi hilo walikaa nyuma. Mwanangu alianza kuumwa tumbo kila Jumatatu asubuhi, nikampeleka hospitali mara mbili, hakuonekana na ugonjwa.

Mtoto huyohuyo jioni alikuwa ananisaidia sokoni. Vibua tunapanga mafungu, na yeye alikuwa anapanga samaki watano kwa kila fungu, anahesabu mafungu, ananiambia nimebakiwa na samaki wangapi bila kumhesabu samaki mmoja mmoja. Mteja akitaka mafungu matatu na kutoa noti kubwa, mtoto ananitajia chenji kabla sijafikiri. Sikujua kwamba hiyo ndiyo hesabu ya kuzidisha, na mwalimu hakujua kwamba mtoto anaijua, kwa sababu hakuna aliyeniuliza anafanya nini nyumbani.

Mwaka uliofuata alipata mwalimu mwingine, mwanamke mtaratibu, aliyetuita wazazi mmoja mmoja na kuuliza swali moja: mtoto huyu nyumbani anapenda kufanya nini, na anakifanya vizuri? Nilimweleza habari za vibua. Wiki ile alichora mafungu ya samaki ubaoni na kumwita mwanangu aje aeleze. Maumivu ya tumbo yaliisha. Kusoma kulichukua muda zaidi, sitaki kuwadanganya, hadi darasa la nne alikuwa bado anasoma polepole. Lakini alikuwa anakwenda shule.

Ninachowaomba ni mtuulize. Tusipojua kusoma si kwamba hatuwajui watoto wetu.

Mwalimu wa Nachingwea

Mama wa Lindi amenigusa, kwa sababu mimi ninafundisha Kuhesabu, na ninakutana na jambo hilo kila mwaka. Wapo watoto wanaohesabu kwa mdomo hadi mia moja, lakini ukiwawekea vitu 14 mezani hawawezi kukuambia kama ni vingi kuliko 11. Ni wimbo uleule wa ba, be, bi, bo, bu, umehamia kwenye namba. Dawa yake ni vitu vya kushika. Mimi ninatumia vizibo vya soda na vijiti, vijiti kumi vikifungwa kwa kamba ya mgomba vinakuwa fungu moja la kumi, na mtoto akitaka kutoa 8 kwenye 23 lazima afungue fungu moja kwa mikono yake. Aliyelifungua fungu mara ishirini haulizi tena kwa nini tunakopa kumi.

Wengine wanatumia korosho ghafi, kwa kuwa ndizo zilizopo. Zinafaa zikiwa nzima, lakini ganda lake lina mafuta yanayounguza ngozi na midomo, na mtoto wa darasa la kwanza atajaribu kung'ata. Vizibo ni salama zaidi.

Ninatofautiana kidogo na mwenzangu wa elimu maalumu kuhusu muda wa makundi. Wiki tatu kwa watoto 87 na mwalimu mmoja ni fupi, kwa kuwa kuwapima tu kunakula wiki mbili. Mimi ninapima wote mara moja kwa muhula, na katikati ninamhamisha mtoto mmoja mmoja ninapoona ameshavuka, bila kusubiri. Shirika la Pratham la India, lililoanzia Mumbai mwaka 1995, limejulikana kwa utaratibu huu wa kuwapanga watoto kwa kiwango cha kusoma na kuhesabu kwa sehemu ya siku, badala ya umri au darasa, na nguvu ya utaratibu huo iko katika wepesi wa kumhamisha mtoto. Tuliujadili katika kikao cha MEWAKA, yaani mafunzo endelevu ya walimu kazini, shuleni kwetu, tukakubaliana kwamba saa moja kwa siku inatosha kuanza.

Kuhusu viongozi wa makundi, watumie wanaojua, lakini kwa zamu na kwa muda mfupi. Wale kumi wanaosoma tayari hawakuja shule kuwa wasaidizi wako. Nao wana haki ya kufundishwa jambo jipya kila siku, na ni rahisi kuwasahau kwa kuwa hawasumbui. Wape hadithi ndefu, waandikishe sentensi zao wenyewe, waulize maswali ambayo jibu lake haliko kwenye kitabu.

Na jiandae mapema kwa Oktoba. Korosho zikianza kudondoka, watoto wako wa pembeni ndio watakaokosekana zaidi, kwa sababu ndio wanaokwenda kuokota na bibi zao. Zungumza na mwenyekiti wa kitongoji mwezi Septemba, kabla msimu haujaanza. Mimi nilichelewa mwaka mmoja, na walioondoka Oktoba walirudi Januari wamesahau karibu kila kitu.

Mwalimu wa Tandahimba

Shikamoo mwalimu wetu wa Masasi, na shukrani kwenu nyote. Sikutaka kujibu kwa maneno ya asante tu, nilisubiri hadi niwe na la kusema. Zimepita wiki sita za masomo.

Nimewasikiliza watoto 84. Watatu hawajaonekana shuleni tangu nianze. Waliokuwa wanasoma aya na kujibu swali ni 9. Waliosoma maneno ni 17, waliosoma silabi zilizochanganywa ni 21, na 37 walikuwa bado kwenye herufi, baadhi yao wakijua irabu mbili tu. Niliiangalia namba ya mwisho kwa muda mrefu. Nilikuwa nimedhani watoto wa katikati ndio wengi, kumbe somo langu la kila siku lilikuwa likipita juu ya vichwa vya karibu nusu ya darasa.

Wiki ya kwanza ya makundi ilikuwa ngumu. Mchanga ulimwagika, watoto waligombania sinia, na mwalimu wa darasa la jirani alikuja kuuliza kama niko salama. Wiki ya pili niligundua kosa langu: nilikuwa natoa maelezo ya kazi kwa Kiswahili peke yake, tena marefu. Nilimwomba mama mmoja anayepika uji shuleni, ambaye ni mzaliwa wa kijiji hiki, anifundishe namna ya kusema chukua, andika, mpe mwenzako. Niliyasema vibaya, watoto wakacheka sana, mmoja akanisahihisha, na tangu siku hiyo watoto watano ambao sikuwahi kuisikia sauti yao wameanza kunisemesha. Wananisemesha kwa Kimakonde, nami ninajibu kwa Kiswahili, tunaelewana nusu.

Mtoto mwenye ualbino sasa anakaa mbele, upande wa mlango, mwanga ukimtokea nyuma. Nilipotangaza kwamba asiyeona vizuri asogee, walisogea watoto watatu, na wawili kati yao sikuwa nawafikiria kabisa. Wote watatu nimewaandikia barua ya kwenda kupimwa macho, na nimemwona afisa wa elimu maalumu, ambaye ameniahidi kufika. Katika kumsikiliza kwa kadi niligundua kwamba mtoto huyo yuko kwenye maneno. Kumbe muda wote huo jirani yake ndiye aliyekuwa akimtegemea yeye kusoma walichonakili.

Kipimo cha kunong'ona nimekifanya kwa 20 tu walioko kwenye herufi, na wawili nina mashaka nao. Wazazi wa mmoja wamekubali kwenda zahanati. Wa pili bado, baba yake anasema mtoto ana kiburi. Nitakwenda nyumbani kwao Jumamosi nikiwa na mwenyekiti wa kitongoji, na safari hiyohiyo nitazungumzia habari ya korosho.

Yule binti wa ba, be, bi, bo, bu alikuwa kwenye herufi. Nimekaa na kundi lake mara nyingi kuliko makundi mengine, pengine kupita kiasi, na waliotangulia wamelipa gharama hiyo, ninalikubali. Juzi alichomoa kadi mbili kwenye mfuko wa silabi. Aliziangalia, akazigeuza, akaziweka tena kama zilivyokuwa, midomo ikicheza bila sauti. Kisha akasema "bibi". Akazirudisha mfukoni na kuchomoa nyingine.

Nina swali moja limebaki kwa mwalimu wa Nachingwea: ukimhamisha mtoto mmoja mmoja katikati ya muhula, rafiki yake aliyebaki kwenye kundi la nyuma unamwambia nini? Wiki ijayo nina wawili wa namna hiyo, wanakaa dawati moja na wanakuja shule wameshikana mikono.

Mwalimu wa Nachingwea

Ninamhamisha wakati wa Kusoma tu, na dawati wanabaki nalo lilelile. Kisha namwambia yule aliyebaki ni herufi au silabi zipi hasa zimebaki, nazihesabu mbele yake, nampa kadi zake aende nazo. Kwa watoto wengi huwa ni tano au sita. Mtoto akijua ni tano, anazishika kwa mkono mmoja. Na mara nyingi yule rafiki aliyetangulia ndiye anayemsikiliza njiani wakirudi nyumbani.